Usitoshe

Bohari ya dawa, Kadutu. Mashini ya zamani
imekaa juu ya kreti mbili za bia,
kioo chake kijani, feni yake inakohoa vumbi.
Sista Nabintu anataka iongee na ile mpya ya ofisi ya juu.
"Ipeleke hesabu yenyewe," anasema.
"Ngazi sitini na mbili. Magoti yangu yamekataa."

Nimekuja na diski tatu za plastiki
na kadi ya mtandao niliyoinunua Nyawera
kwa mtu aliyeapa kwa jina la mama yake kuwa ni nzima.
Kebo tumeipitisha dirishani,
juu ya bati la fundi viatu, ambaye ametaka alipwe.

Programu hii ya mtandao haikuzaliwa na mashini.
Ni mgeni, na mgeni mwenye haraka:
anataka kuingia kabla ya kipanya kuamka,
kabla ya kichapishi,
kabla ya zile herufi za Kifaransa zenye kofia.
Nafungua faili ya kuamshia,
mistari inayosomwa gizani mmoja mmoja
kama mwalimu anapoita majina asubuhi,
na mgeni namweka mbele.

Nazima. Nawasha.
*Kumbukumbu haitoshi.*

Namrudisha nyuma ya kipanya. Haitoshi.
Nampandisha darini, kule juu ya kilobaiti mia sita na arobaini,
ambako vitu vyembamba hujibana vikalala. Haitoshi.
Kisha kadi na kichapishi wanagombania namba tano,
wawili wanabisha hodi mlango mmoja kwa wakati mmoja
na mwenye nyumba, kwa kuchanganyikiwa, anazimia.
Nampa kadi namba kumi.
Umeme unakatika.

Tunakaa. Mvua inashuka na udongo wa mlima.
Sista ananimulikia mikono kwa simu yake
ingawa mikono haina la kufanya,
ananisimulia habari za Mushagalusa, karani,
aliyeipanga mashini hii peke yake, bila kitabu,
akaondoka siku moja na begi dogo.
Wengine husema Uvira. Wengine Kalemie.
Mshahara wa miezi minne bado anadai.

Umeme unarudi saa tatu usiku.
Ndipo nauona, katikati ya faili,
mstari unaofunga chumba kidogo cha kumbukumbu
kisikaliwe na mtu,
na juu yake maandishi yenye ile alama
inayoiambia mashini: ruka hapa, haya ni ya watu.

*Usitoshe huu mustari.
Sijue juu ya nini.
Usitoshe tu.*

Kwetu kutosha ni kuondoa.
Kwenye vitabu kutosha ni kuwa na kiasi.
Nimesimama kati ya vitabu na Kadutu
nikihitaji kilobaiti nne,
na chumba kile kinazo, kitupu, kimefungwa.
Nimeutosha.

Kioo kikajaa alama kama mtama uliomwagika.
Feni ikanyamaza. Sista akafanya ishara ya msalaba.

Nimeurudisha, herufi kwa herufi, nikiomba radhi
sijui kwa nani, Uvira au Kalemie.
Badala yake nimezitoa zile herufi zenye kofia:
tangu leo mashini itaandika Kifaransa kichwa wazi.
"Haizuru," anasema Sista, "dawa hazijui kusoma."
Chini ya maneno ya karani nimeongeza yangu:
*Mimi pia sijue.*

Nazima. Nawasha.
Kipanya. Kichapishi. Mgeni anaingia, anakaa.
Herufi mpya inatokea pembeni, diski ya huko juu,
na kwa mara ya kwanza hesabu inapanda bila miguu.

Murhula anachungulia dirishani, anapiga kelele mvuani:
"Imefika! Kinini, maboksi kumi na saba!"

Sista anageukia rafu.
Anahesabu kwa kidole, anarudia.
Kumi na sita.

Anafunga kitambaa kichwani, anashika ukuta,
anaanza kupanda ngazi.